Abunuwasi: kichekesho cha Baghdad kisichochuja



Kuna bibi harusi mmoja, harusi yake i karibu in shaa Allah, ametuletea suala ambalo hatukulitarajia. Alikuwa akipanga vitu vya kwenda navyo kwa mume: khanga, udi, chetezo, misala miwili, msahafu. Ndani ya mkoba wa marehemu bibi yake akakuta kijitabu cha hekaya za Abunuwasi, karatasi zimegeuka manjano, jalada limeshonwa kwa uzi. Akakitia sandukuni. Shoga yake akakitoa. "Huyu alikuwa mlevi," akamwambia, "tena mshairi wa mvinyo. Unakwenda kuanza nyumba na mlevi?" Tangu siku hiyo kitabu kipo juu ya kabati. Hakimo sandukuni wala hakikutupwa, na mwenyewe anataka kujua akifanyeje.

Shoga hakusema uwongo. Ila amesema nusu, na nusu iliyobaki ina urefu wa karne kumi na mbili. Tukaona tuikalie kitako.

Tuanze na Abunuwasi tunayemjua sote. Alikwenda kwa jirani yake tajiri kuazima sufuria. Alipoirejesha, ndani yake mlikuwa na kisufuria kidogo. Tajiri akauliza, hiki nacho? "Sufuria yako imezaa," akasema Abunuwasi. Tajiri akacheka moyoni, lakini faida haikataliwi, akapokea vyote viwili. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu Abunuwasi akaazima sufuria kubwa kupita zote za nyumba ile, na siku zikapita haikurudi. Tajiri alipokwenda kuidai akamkuta Abunuwasi kainama kwa huzuni. "Pole jirani. Sufuria yako imefariki." "Ala! Sufuria hufa?" "Mbona nilipokwambia imezaa hukuniuliza kama sufuria huzaa?" Wakapelekana kwa kadhi, na kadhi hakuwa na la kumsaidia tajiri.

Tazameni alivyoshinda. Hakupiga mtu, hakutukana, hakuapa kiapo cha uwongo mbele ya kadhi. Alimwachia tajiri akubali neno lenye faida, kisha akamrudishia neno lilelile siku lilipokuwa na hasara. Tulishike jambo hili, maana ndilo linaloeleza kwa nini mgeni huyu hajatuchosha.

Sasa huyo mlevi. Abu Nuwas wa kweli alikuwepo. Jina lake ni al-Hasan bin Hani al-Hakami, aliyezaliwa Ahwaz, nchi ya Uajemi, katikati ya karne ya 8. Mama yake alikuwa Mwajemi, na baba alifariki mtoto angali mdogo. Akalelewa Basra, akasoma Qur'ani na lugha kwa walimu wakubwa wa zama zake, kisha akahamia Baghdad kutafuta riziki kwa ushairi, kama walivyofanya washairi wengi wa wakati ule. Abu Nuwas ni lakabu ya nywele zake za kuning'inia. Aliishi zama za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, na zaidi akawa mtu wa mwanawe, al-Amin. Alifungwa gerezani zaidi ya mara moja. Alifariki Baghdad mnamo mwaka 814 au karibu na hapo.

Ndiyo, alisifu mvinyo, na alisifu mengine ambayo hatutayataja hapa. Wasomi wa Kiarabu hawakumficha: walimkemea kwa dini yake na wakamkubali kwa ufasaha wake, yote mawili kwa pamoja. Diwani yake pia ina mlango wa mashairi ya zuhdi, ya mtu anayeyakumbuka mauti na kuomba msamaha, na wasimulizi wa kale wanaeleza kwamba baada ya kufa zilikutwa chini ya mto wake beti za toba. Ya moyoni mwa mja anayajua Mola wake. Mjini Baghdad ipo barabara yenye jina lake kando ya mto Tigris, na tangu 1976 wanajimu wameliita kwa jina lake bonde moja la duara katika sayari ya Utaridi, ile iliyo karibu kabisa na jua. Kwa mtu aliyeimba kiu, hapo mahali ni pa joto kidogo.

Lakini hebu tafuteni sufuria katika diwani hiyo. Haimo. Wala mle hamna jirani tajiri, wala nyumba ya hewani. Mshairi na mchekeshaji wameshirikiana jina, na huo ndio ukoo wao wote.

Ilikuwaje wakachanganywa? Mlango mmoja ni hadithi za Alfu Lela Ulela, ambamo Abu Nuwas anaonekana mara kadhaa barazani kwa Harun al-Rashid akijibu kwa ulimi mwepesi. Watu wakishampata mchekeshaji mmoja humtwika vichekesho vya wote. Waarabu walikuwa na Juha, ambaye jina lake limo vitabuni tangu karne ya 9, na karne ya 10 Ibn al-Nadim wa Baghdad alikiorodhesha kitabu cha visa vyake katika fihirisi yake mashuhuri. Waturuki wana Nasreddin Hoja, ambaye kaburi lake linazuriwa mji wa Akşehir, na kisa cha sufuria kule ni chake yeye. Ukimwambia Mturuki kuwa sufuria ilizaa kwa Abunuwasi atakuona umemwibia. Mwaka 2022 nchi saba, kuanzia Uturuki hadi Kazakhstan, ziliandikisha kwa pamoja UNESCO mila ya kusimulia visa vya Hoja huyo kuwa urithi wao. Indonesia nao humwita wa kwao Abu Nawas. Kila bandari ilimpa sufuria yule iliyempenda.

Sisi tulimpenda Abunuwasi. Na masikini Juha! Yeye alifika huku akapoteza hata herufi kubwa ya jina lake, akawa juha tu, neno la kumwitia mpumbavu yeyote.

Hadithi hizi zilisafiri na watu wa majahazi, na zilipotua pwani zikavua kanzu ya Baghdad zikavaa ya kwetu. Katika Abunuwasi wa Kiswahili mji ni wa mawe na chokaa, matajiri wana maduka, Sultani yupo, kadhi yupo, na sokoni kuna punda. Chukueni kile kisa cha nyumba. Sultani alimwamuru Abunuwasi amjengee nyumba hewani, isiguse ardhi, na asipoweza ajue la kumpata. Abunuwasi akatengeneza tiara kubwa, akaifunga kengele, akairusha siku ya upepo mzuri. Watu wakasikia kengele zinalia juu. "Hao ni mafundi wangu wamekwishaanza," akamwambia Sultani, "sasa leta watu wapandishe mawe na chokaa." Sultani akashangaa, nani awezaye kupanda huko? Abunuwasi akamjibu kwamba kama anajua hakuna wa kupanda, basi alijua pia kuwa hakuna wa kujenga. Mwana wa Unguja aliyewahi kurusha tiara wakati wa upepo hahitaji kuelezwa Baghdad iko wapi.

Na hakuishia Unguja. Mmisionari wa Uswisi, Henri Junod, alipokusanya hadithi za Waronga wa Ghuba ya Delagoa, huko inakoitwa Maputo leo, alimkuta mjanja mmoja jina lake Bonawasi, akamtia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1897. Huko ni zaidi ya kilomita 2,000 kusini mwa visiwa vyetu. Mtaalamu wa lugha Alice Werner naye, katika kitabu chake cha 1933 kuhusu hadithi za Wabantu, alimweka Abunuwasi miongoni mwa wasafiri wa aina hiyo. Wenyeji wa bara walikuwa tayari na sungura wao, mdogo wa mwili, mrefu wa akili. Abunuwasi alipofika walimtambua mara moja, kama ndugu aliyekuwa safarini.

Kisha ikaja chapa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Edwin Brenn na Frederick Johnson walitoa Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, na Johnson huyo ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile kamati ya mwaka 1930 iliyosanifu Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja chetu. Kampuni ya Macmillan ya London nayo ikachapisha Hekaya za Abunuwas na Hadithi Nyingine, kitabu kilichosomwa skuli Tanganyika, Kenya na Zanzibar kwa miaka na miaka. Tunadhani kijitabu cha marehemu bibi kinatokana na ukoo huo.

Hapa sisi tuna neno kidogo. Kabla ya kitabu, Abunuwasi alikuwa mali ya ukumbi wa ndani. Alisimuliwa baada ya Isha, watoto wamelala miguuni, mama anasuka ukili au anachambua mchele kwa ajili ya kesho, na kila msimulizi alikuwa na Abunuwasi wake. Kitabu kilimchagua mmoja kikamsimamisha wima darasani, na baada yake kukaja masuala ya ufahamu: Abunuwasi aliazima nini? Sufuria ilikuwa ya nani? Kichekesho kikishaulizwa masuala ya mtihani kinapoa kama chai ya jana. Hata hivyo hatuwezi kukilaumu kitabu. Bila ya kitabu asingefika kote alikofika, wala mabibi zetu wasingekuwa na cha kushona kwa uzi.

Baada ya kitabu ikaja picha. Afrika Mashariki ilikwisha kuipenda katuni. Kenya kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo kadhaa; jina lake lenyewe ni ndoa, kwani Juha ni yule wa Waarabu na kalulu ni sungura kwa majirani zetu wa Malawi na Zambia. Bara kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha jarida la Sani lililopitishwa mkono kwa mkono mpaka likachanika. Ndipo mwaka 1996 kampuni changa ya Sasa Sema ya Nairobi, iliyoanzishwa na Lila Luce, ikatoa kitabu cha katuni kwa Kiswahili: Abunuwasi. Mchoraji wake alikuwa Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuhamia Nairobi mwaka 1992 kuchora katuni za gazeti la Nation.

Tumelipenda chaguo hilo. Gado kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwachora wakubwa: mawaziri, marais, mabwana wa fedha. Miaka iliyofuata alianzisha XYZ Show, vile vikaragosi vya televisheni vilivyoanza 2009 vikiwacheka viongozi wa Kenya. Mtu wa kazi hiyo alipotaka kuandika kitabu cha katuni hakwenda kutafuta shujaa mwenye misuli. Alimchukua kizee wa bibi zetu, asiye na upanga wala cheo. Na watoto ambao hawakuwahi kukalia mkeka wa msimulizi wakampata Abunuwasi mwenye sura, maneno yakimtoka mdomoni ndani ya kibofu cheupe.

Wachekeshaji wa kigeni waliopita visiwani kwetu ni wengi. Wapo walioletwa na sinema, wapo walioletwa na kanda za video, na siku hizi simu inamwaga wapya kila asubuhi. Wengi wao huchekesha kizazi kimoja, kisha mtoto anamuuliza mama yake, ulikuwa unacheka nini hapo? Abunuwasi amevuka lugha, chapa, skuli na katuni, na bado mtoto hahitaji kuelezwa. Tulipata kuona sababu yake mbali sana na bahari.

Tulimpeleka bibi harusi Chimala. Kwa wasiopajua, Chimala ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Unavuka bahari hadi Dar es Salaam, unapanda basi la alfajiri, unapita Mikumi, unapanda kona za Kitonga roho mkononi, Iringa, Makambako, na zaidi ya kilomita 700 tangu uiache bahari unateremka kwenye uwanda wa Usangu. Upande mmoja mashamba ya mpunga yamenyooka hadi macho yachoke. Upande wa pili mlima umesimama kama ukuta, na barabara ya kwenda Matamba inaukwea kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu: hamsini na saba. Mchele mnaoununua Darajani ukiitwa wa Mbeya, mwingi hutoka nchi hizo.

Msidhani tulimpeleka mwenzetu ugenini kusiko na adhana. Misafara ya watu wa pwani ilifika Usangu karne ya 19, enzi za watemi wa Wasangu walioitwa Merere, na Uislamu ukaingia kwa njia hiyo. Mabulushi nao walihamia, na wazao wao wapo Rujewa mpaka leo. Tulipokelewa kwa vigelegele na kwa wali mweupe ambao hata bila nazi ulikuwa na harufu yake wenyewe.

Jioni wanawake walikaa uani kupepeta mchele wa karamu, nasi tukapewa ungo kila mmoja. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye wote wakimwita Bibi tu, akatuambia, "Nyie wanangu wa pwani, mnamjua Banawasi?" Tukasema ndiye wetu huyo. Akacheka. "Wenu? Huyu alikuwa akilima mpunga hapa."

Akaanza. Banawasi alikuwa na mpunga, akaja mchuuzi kununua kwa gunia. Walipofika kwenye kujaza, mchuuzi akajaza gunia mpaka mdomo, akaongeza, akaweka majani juu na kushona wavu wa kamba, gunia likasimama na kilemba. Huo ndio mtindo unaoitwa lumbesa, ambao sheria ya vipimo inaukataza na wakulima wa nyanda hizo wanaujua kwa maumivu. Banawasi akalalamika. Mchuuzi akamwambia, "Mzee, gunia moja ni gunia moja. Umeona mawili hapa?" Banawasi akanyamaza, akapokea fedha yake. Mwezi uliofuata akaenda dukani kwa mchuuzi yule kununua chumvi. Wakapatana bei ya gunia moja, akalipa mbele ya mashahidi, kisha akatoa gunia lake. Alikuwa ameshona magunia matano kuwa moja. Mchuuzi akapiga kelele. Banawasi akamshika mkono kwa upole: "Baba, umeona mawili hapa?"

Ua zima lilicheka, na mama mmoja aliyekuwa na ungo mapajani alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Huyo, tulikuja kuambiwa, alikuwa ameuza mpunga wake kwa lumbesa msimu uliopita.

Kisa hiki hatujakikuta katika kitabu chochote. Wala hatuna haja. Baghdad imetoka, sufuria imetoka, hata Sultani katoka. Kilichobaki ni kile tulichowaomba mkishike: mwenye nguvu ananaswa kwa neno lake mwenyewe. Tajiri alisema sufuria huzaa. Sultani alisema nyumba hujengwa hewani. Mchuuzi alisema gunia moja ni gunia moja. Na kila mahali duniani, kila zama, kuna mtu aliyeambiwa neno la dhulma na mtu ambaye hawezi kumjibu: mpangaji na mwenye nyumba, kijakazi na bibi yake, mkulima na mchuuzi. Abunuwasi hujibu kwa niaba yao. Katuni nyingi huzeeka kwa sababu humcheka mtu fulani wa mwaka fulani, na huyo akisahauliwa kicheko nacho kinakwenda. Aliyenyanyaswa kwa maneno hakosekani mwaka wowote.

Tuje kwenye dini, maana ndiko suala lilikotoka. Hatuwafichi kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ametoa onyo kali kwa mwenye kusema uwongo ili awachekeshe watu, limepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Yeye mwenyewe alitania, na katika utani wake hakusema ila kweli. Mwanamke mkongwe alimwomba dua ya Pepo, naye akamwambia kuwa wazee hawaingii Peponi. Alipohuzunika akaelezwa kwamba huingia wakiwa wamerudishwa ujana. Huo ni utani wa kweli tupu, na ni mgumu kuuiga.

Je, hekaya ni uwongo wa namna hiyo inayoonywa? Tazameni mlango wake. Msimulizi wetu hakai akasema jana niliona sufuria ikizaa. Husema hadithi, hadithi, na wasikilizaji wakaitika hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Wameujua uwongo, wameuita kwa jina lake, wameukaribisha kama mfano. Hakuna aliyedanganywa. Ulimwengu wa elimu ya Kiislamu una mifano ya karibu na hii. Maqamat za al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, zina mhusika mjanja anayewahadaa watu mji hadi mji, na wanafunzi wa Kiarabu walizihifadhi kwa karne nyingi kwa ajili ya lugha. Ibn al-Jawzi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanbali na mwaidhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1201, aliandika kitabu kizima cha habari za wapumbavu, Juha akiwemo, na kingine cha habari za wenye akili. Hata hivyo sisi si mamufti. Mwenye wasiwasi amuulize sheikhe wake, na akijibiwa aache, aache kwa moyo safi.

Ukituuliza sisi, tungemwambia bibi harusi wetu akirudishe kitabu sandukuni, ila akisome kwanza mwenyewe. Si kila kisa humo kinafaa. Vipo vinavyomfanya mke kuwa kitu cha kuchezewa, vipo vinavyomcheka kipofu. Hivyo aviruke, kama alivyoviruka marehemu bibi yake, ambaye bila shaka alikuwa na vyake vya wageni, vyake vya watoto na vyake vya kunyamazia. Na huyo mshairi mlevi anayemtia hofu shoga hayumo ndani ya kitabu kile hata kwa ukurasa mmoja.

Tena tungemkumbusha kuwa mke msimulizi si jambo geni katika nyumba njema. Bi Aisha (R.A.) alimsimulia Mtume kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaapizana wasifiche lolote kuhusu waume zao, mmoja analalamika, mwingine anasifu, mwingine anapiga mafumbo. Ni hadithi ya Ummu Zar', imo katika Bukhari na Muslim. Mtume alikuwa na umma mzima mabegani, na alikaa akamsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa neno la mapenzi lililotoka ndani ya kisa chenyewe. Bibi harusi anayejua kusimulia ana mahari ambayo haikuandikwa.

Na kwa kuwa mnakaribia kuolewa, tuwape kimoja ambacho hawakiweki sana katika vitabu vya skuli. Katika Alfu Lela Ulela mwenyewe ni mtu mwingine, Abul Hassan, lakini wasimulizi walikwisha kumkabidhi Abunuwasi siku nyingi.

Nyumba ya Abunuwasi iliishiwa kabisa, hata unga wa kesho haupo. Mke na mume wakakaa wakashauriana. Mume akaenda kwa Harun al-Rashid akilia: mke wangu amefariki, sina sanda. Khalifa akamhurumia, akampa dinari 100 na kitambaa cha hariri. Mke naye akaenda kwa Bibi Zubayda, mke wa Khalifa, nywele zimetimka: mume wangu amefariki, sina sanda. Naye akapewa dinari 100 na hariri. (Zubayda huyu si wa hadithi. Ndiye aliyetoa mali yake kuwapelekea mahujaji maji njiani na Makka, na mfereji wa Ain Zubayda una jina lake mpaka leo.) Jioni Khalifa akampa mkewe pole ya kufiwa na shoga. "Shoga yangu mzima," akasema Zubayda, "aliyekufa ni Abunuwasi." Wakabishana, wakatuma mtu, mtu akaleta habari moja, wakatuma mwingine, akaleta nyingine. Mwisho wakatoka wenyewe na watu wao, wakakuta maiti mbili zimelazwa sambamba, zimefunikwa, miguu imeelekezwa kibla.

Zubayda akalia. Amekufa shoga yangu kwa huzuni ya mumewe! Khalifa akasema la, mke ndiye aliyetangulia, mume kamfuata kwa majonzi. Wakabishana tena juu ya vichwa vya marehemu, mpaka Khalifa akachoka akapaza sauti: "Wallahi, atakayeniambia nani kati yao alikufa mwanzo nitampa dinari 1,000!"

Sanda moja ikafunuka. "Mimi, ewe Amiri wa Waumini," akasema Abunuwasi akikaa kitako, "nilitangulia mimi. Na shahidi wangu ni marehemu huyu hapa ubavuni."